Ndengu Ulizoweka Kwenye Viondo

Mwaitu, mama yangu,

Nakuandikia kwa sababu hapa Migwani sina mtu mwingine wa kumwambia ukweli niliokunyima ukiwa hai.

Unakumbuka siku tulipopakia viondo vya kikundi chenu vipelekwe ng'ambo? Mlikuwa mmesuka mwaka mzima, vidole vimekakamaa kwa mkonge. Makaratasi ya bandarini niliyajaza mimi. Niliandika kwa mkono wangu: viondo vitupu, vikavu, hakuna mbegu wala chakula ndani. Nikatia sahihi, nikaenda kumtafuta dereva wa lori. Niliporudi mlikuwa mnashona magunia haraka haraka, kama watoto waliodokoa sukari, na mimi kwa ujinga wangu sikuuliza.

Mlikuwa mmetia ndengu kiganja kimoja ndani ya kila kiondo. Niliyajua hayo kwa simu ya wakala wetu, meli ilipokwisha kufika. Wakaguzi wa kule walifungua mzigo wakakuta ndengu, tena zimeingia wadudu. Walichoma kila kitu. Mnunuzi aliniandikia mistari miwili tu: hatachukua mzigo wetu tena.

Nilikuja nyumbani nimefura kwa hasira. Ukaniwahi kwa swali.

"Walifurahia zile ndengu? Kiondo hakipeanwi bila kitu ndani. Wangetuona aje?"

Ulicheka, ukanitania kwamba shule zote nilizosoma hazikunifunza adabu. Nikasema, "Walifurahi sana, Mwaitu. Wanataka vingine."

Basi ukasuka. Macho yalikuwa yanakufa, ukawa unasuka kwa kupapasa, na nikikuomba upumzike unaniambia watu wa ng'ambo wanangoja. Ulifariki na kiondo mapajani, hakijafika ukingoni. Miezi yote ile ningeweza kukuambia hakuna anayengoja. Niliogopa uso wako.

Sasa vimejaa chumbani kwako hadi kwenye dari. Nimejaribu kuviuza kwenye soko la Salama, kando ya barabara kuu. Watu wanavishika, wanavisifu, wanavirudisha chini. Wanunuzi wengine wa nje niliowaandikia wanauliza kwanza habari za ule mzigo uliochomwa, halafu kimya. Sitafuti tena. Nimechoka, Mama.

Wenzako hawajui. Wanasuka bado, kila Jumanne wananiuliza lori linakuja lini, nami nasema karibu.

Jana rafiki yako Mumbua alinishika mkono akanipeleka shambani kwake. Unajua ni mjane, na hana shamba lingine. Pale alipokuwa akipanda mahindi na kunde amepanda mkonge mtupu, mistari imenyooka hadi mtoni. Anasema lori likija lisimkute hana mkonge wa kutosha. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na majirani walikuwa wanatayarisha mbegu.

"Mwende," akaniuliza, "ama nimekosea?"

Nikamwambia hajakosea.

Pumzika, Mwaitu. Nisamehe wewe, kwa maana Mumbua akijua hataweza.

Kifungua mimba wako,
Mwende