Inveta Uliyomtumia Baba

Didia

Kaka Luka,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, si kwa sababu moyo wangu unataka. Mvua imeanza, na mama ameshapanda choroko.

Nilikusomea kwenye simu maandishi ya mashine ya oksijeni ya baba: wati mia nne. Nikakwambia fundi Mabula amesema mashine yenye mota ikianza huvuta umeme mwingi zaidi ya ulioandikwa, kwa hiyo tuchukue inveta ya kuiendesha kwa betri umeme ukikatika, ya wati elfu moja na mia tano. Ukanijibu, "Hizi nimezizoea huku Geita, tulia." Ukatuma ya mia tatu, kama ile inayowasha televisheni kambini kwenu machimboni.

Jana mchana umeme ulikatika. Inveta ikalia kidogo, ikazima. Baba akawa anatafuta pumzi kama mtu anayezama, midomo ikabadilika rangi. Tulimkimbiza Shinyanga kwa gari la jirani, mama akimpepea njia nzima kwa khanga. Yu hai, ila bado yuko kwenye mtungi wa hospitali.

Usitume nyingine. Mama ameuza ndama wake, na Mabula atafunga inayofaa.

Vumbi la mashimoni ndilo lililokula mapafu ya baba, nawe umo humo humo. Alipopata sauti hakuuliza habari za inveta. Aliuliza, "Luka anajifunika pua akichimba?" Njoo umjibu mwenyewe, akiwa bado anasikia.

Mdogo wako,
Asteria