Mahali au Mahari

Mke wangu, mwanachuo wa Dodoma,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia huko. Sisi wazima. Mvua za kwanza zimenyesha Buhongwa, na bibi yako yuko bustanini anapanda marando ya viazi. Naandika haraka kabla hajarudi, kwani umeuliza kama kabla yake nilimpenda mwingine.

Nilimpenda Veronika wa Busisi. Msimu kama huu nilikwenda kumsaidia baba yake, mzee wa Kikerewe, kupiga matuta, ili anizoee. Jioni akaniuliza, "Kijana, mahari umepata?"

Mimi na ng'ombe tulijuana kwa harufu tu. Nikaweka jembe chini, nikaaga, sikurudi tena.

Veronika alipokwisha kuolewa, kaka yake akanicheka: "Mjinga wee! Mzee ulimi wake hautenganishi l na r. Alikuuliza kama umepata mahali pa kupanda viazi vyako. Alitaka kukukatia kipande cha shamba."

Bibi yako ni mke mwema, usinichongee. Lakini mvua zikianza, bado najiuliza: ulimi wangu huu, unaotania hata mapadri, ulishindwaje kusema, "Mzee, unasema ng'ombe au shamba?"

Babu yako.