Programu inayoita ng'ombe wetu

Bihambwe, Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, ukungu umeziba malisho yote, nami nina hasira na kila mtu.

Leo nimeelewa yield, neno la Python, lugha ya kompyuta ninayojifunza. Imenisumbua wiki nyingi, maana somo lenyewe liko kwa Kifaransa na aliyeliandika anadhani sote tulizaliwa na kompyuta mapajani. Kumbe si jambo kubwa hivyo. Programu ya kawaida ya Python inakumwagia majibu yote kwa pamoja. Yenye yield inakupa moja, inasimama, inasubiri uombe lingine. Ndivyo Mama anavyokamua: anaita ng'ombe kwa jina, anakuja huyo mmoja, wengine wanangoja zamu yao.

Niliruka kwa furaha. Halafu nikatafuta wa kumwambia, sikumpata.

Déborah na Justin, nilioanza nao kujifunza, siku hizi wako Goma. Network ikipatikana nawaandikia, wananirudishia picha ya kidole gumba, basi. Kaka yangu huniuliza hicho kitu kitatoa maziwa lini. Mchungaji ananiombea nipate mume. Nimechoka kufurahi peke yangu. Saa nyingine natamani kuifunga hii mashine moja kwa moja, nikauze maziwa na wenzangu, angalau nipate watu wa kuzungumza nao.

Ili kujaribu, niliandika majina ya ng'ombe wetu jinsi yalivyonijia, bila kufikiri sana. Kila nikibonyeza linatoka jina moja, nami nalisoma kwa sauti. Gaju. Kirezi. Bihogo.

Mama alikuwa jikoni. Akachungulia mlangoni.

"Uko unaita nani?"

"Hakuna muntu, Mama. Iko mashini tu."

"Si umesema Bihogo?"

Nikashtuka. Bihogo alikuwa kipenzi chake. Alichukuliwa pamoja na wengine tulipokimbia vita, na tangu turudi hakuna aliyelitaja jina hilo humu nyumbani. Nikaomba msamaha, nikasema nalifuta sasa hivi.

"Usifute." Akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, mikono ikiwa bado na unga. "Umuite tena."

Nikaita. Akacheka kidogo, kisha akalia, kisha akaanza kunieleza jinsi Bihogo alivyokuwa akigoma kukamuliwa na mtu mwingine yeyote. Sikuwahi kuzisikia habari hizo. Nilidhani ni mimi tu niliye peke yangu humu ndani.

Kuhusu yield hakuniuliza chochote. Iliniuma kidogo, nisidanganye.

Kesho sifungui somo jipya. Tukitoka ibadani nitamwomba Mama anitajie ng'ombe wote waliopotea, niwaweke kwenye programu, tuwaite mmoja mmoja.