Mkeka Uani kwa Mama Kulwa

Shinyanga, Alhamisi usiku

Sikujua nimekosa nini, jinsi Mama mwenye nyumba alivyokasirika.

Nyanya alifariki jana kule kwetu Kakamega. Anazikwa kesho, na mimi niko huku Tanzania hadi muhula uishe. Siwezi kuwahi. Sikumwambia mtu. Chumba chenyewe nimekipata juzijuzi tu, nikaona si vizuri mgeni kumletea mwenye nyumba kilio. Nikafunga mlango, nikalia nimeuma mto.

Jioni Mama Kulwa akagonga. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. "Macho yana nini?" Nikamwambia.

"Umefiwa humu kwangu tangu jana, na sisi tunacheka, redio tumefungulia? Bibi yako hana watu?"

Akaenda kuizima redio mwenyewe. Akatandika mkeka uani, akaniketisha. Wapangaji wakaja mmoja mmoja, hata yule wa machimboni ambaye hatujawahi kusalimiana. Wakanipa pole, wakaketi nami. Mmoja akauliza jina la marehemu ili wamwombee. Roselida, nikasema, na hapo ndipo nikalia kwa sauti.

Bado naiogopa kesho, ile saa watakapomshusha bila mimi.

Nimeingia ndani kuchukua kanga, ndiyo naandika haya. Wenzangu bado wako nje. Mtu amebisha hodi getini, na namsikia Mama Kulwa akimjibu kwa sauti ya chini:

"Karibu, ingia. Tumefiwa na bibi yetu."