Sufuria ya Harusi Mbele ya Kamati

S.L.P. 2206,
Kirumba, Mwanza.
14 Mei 2025

Mpendwa mpwa wangu Sabina,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Ukimaliza kusoma barua hii huenda ukasita. Hujambo? Mumeo Elias hajambo? Na Hellen, anakula vizuri? Huku tu wazima, ila goti langu halinipi usingizi, na wiki hii limepata msaidizi.

Msaidizi ni barua yako. Umeniambia damu ya Hellen imekutwa na madini ya risasi, kwamba mtaa wenu wa watu weusi umebanana na kiwanda cha betri, na kwamba Bunge la nchi nzima huko Marekani lina muswada wa kulazimisha viwanda vipimwe sumu kwenye mitaa ya jamii za wachache kama yenu. Mwezi ujao utasimama mbele ya kamati na majibu ya mtoto mkononi. Nilijivuna. Nikawasomea wenzangu hapa kibandani Mwaloni, huku nayeyusha risasi za kuzamishia nyavu.

Hapo nikakitazama chungu changu cha kuyeyushia.

Sabina, sufuria niliyokupa siku ya harusi ilitoka kwenye chungu hikihiki. Niliyeyusha vipande vya injini za pikipiki na masufuria mabovu. Jana yake nilikuwa nimeyeyusha risasi za nyavu za mvuvi Shigela. Kukisugua? Fundi gani wa Kirumba anaosha chungu? Nawe ukajisifu miaka yote kwamba ugali wa Marekani hauivi bila sufuria ya mjomba.

Ndiyo maana nilikutumia ule ujumbe wa simu, usipikie tena sufuria ile. Ukanijibu, "Mjomba, kwani umeiloga?" Mke wangu akasema, "Afadhali ingekuwa uchawi, tungetafuta mganga."

Tangu hapo sikai. Nakwenda hadi gatini, narudi, nakwenda tena. Nilitaka kunyamaza kuhusu chungu. Lakini mawakili wa kiwanda si wajinga. Watauliza mtoto anapikiwa kwenye nini, na siku hiyo utaonekana mwongo, na muswada utachekwa pamoja nawe.

Kwa hiyo peleka sufuria ikapimwe. Wakiikuta na sumu, iinue mwenyewe mbele ya kamati kabla hawajakuuliza. Sema aliyeitengeneza ni Malimi wa Kirumba, mvivu wa kusugua, na amekiri kwa maandishi. Kisha wakumbushe wale watoto kumi na mmoja wa mtaa wenu uliowataja, wenye damu kama ya Hellen, ambao hawajaonja ugali wako hata siku moja. Waulize: hao walitengenezewa sufuria na mjomba gani?

Mimi huku hakuna kamati itakayoniita. Sufuria zangu ziko majikoni Kirumba na Kiseke, na ile kubwa kuliko zote anayo mama yako kule Nansio. Nimeshanunua chungu cha pili, cha sufuria peke yake. Kesho napanda meli kwenda kumnyang'anya, kisha nitapita nyumba moja moja kwa wengine. Watanicheka. Dada yangu hatacheka, atanipiga nayo.

Msalimu Elias, na mbusu Hellen kwa niaba ya mke wangu. Mungu aisafishe damu ya mtoto, na aupe ulimi wako nguvu siku hiyo.

Ni mimi ninayekupenda, na niliyekukosea bila kujua,
Mjomba wako Malimi