Buibui Lako Nimelikata

Mwanangu Salma,

Kabla ya salamu, nnataka ulisikie jambo hili kwangu mimi na si kwa mwanao: lile buibui ulilolitundika nyuma ya mlango siku uliyosafiri, nimelikata. Kaa kitako huko Maskati, nikuhadithie.

Skuli ya maandalizi ya Ilham iliwataka watoto waje siku ya onyesho wamevaa kama mnyama au ndege, kila mmoja achague wake. Mwanao akasema yeye atakuwa kunguru. Nikamtajia njiwa, nikamtajia kasuku, nikamsifia na rangi zake. Akatikisa kichwa.

Hapo nikakukumbuka wewe, na miaka yako sita, tulipokuwa tukikaa Amani. Ulitaka kuwa punda kwenye onyesho la skuli yako. Ulikuwa ukimpenda yule punda wa gari ya mchanga aliyepita mtaani kwetu, ukimwekea maganda ya ndizi. Mimi nikakataa, nikakwambia watoto watakuita punda mpaka utakapoolewa. Nikakaa kwenye cherehani siku tatu, nikakushonea mbawa za kipepeo kwa kanga yangu ya harusi. Siku ilipofika wenzako wote waliruka na kucheza. Wewe ulisimama umebana mikono mpaka wimbo ukaisha. Nyumbani ulizikunja mbawa vizuri, ukanipa.

"Mama," ulisema, "huyu kipepeo ni wako."

Nilicheka, nikawahadithia na majirani. Sikujua kuwa ulikuwa umeniambia kweli.

Basi safari hii nikauliza kwa nini kunguru. Ilham akaniambia kunguru anakwenda mbali kutafuta chakula, kisha anarudi juu ya paa letu.

Sikumtajia kasuku tena. Nilikwenda sokoni Mwanakwerekwe nikanunua kitambaa cheusi, lakini kilikuwa kizito. Mtoto akiinua mikono, mbawa zinaning'inia kama mazulia. Na buibui lako lilikuwa pale pale, jepesi, bado lina udi. Nililishusha nikalirudisha mara mbili. Mara ya tatu nikatia mkasi. Mdomo nimemtengenezea kwa boksi la viatu, nikaupaka wanja wangu. Alipoletewa mbawa alizinusa kwanza, akasema zinanukia Mama.

Jirani yetu Bi Zuhura alikuja kuazima kinu, akamkuta mtoto anaruka uani. Akatabasamu, akasema, "Ama kweli, kunguru hafugiki."

Msemo huo unaujua, husemwa kwa mwanamke asiyetulia kwa mume, nami nilijua anamtaja nani. Tangu ulipoachika ukaenda kufanya kazi ugenini, maneno kama hayo nimekuwa nikiyameza. Mengine niliyameza ukiwa umekaa ubavuni kwangu, unanitazama nikutetee. Nisamehe, mwanangu. Siku ile nilimjibu: "Hafugiki, Bi Zuhura, lakini watoto wake hawalali na njaa." Akachukua kinu, akaenda zake.

Kwenye onyesho Ilham alizunguka uwanja mara nyingi kuliko alivyofundishwa, analia kwaa, kwaa, na mwalimu akimwita hasikii. Watu walicheka, nami nikacheka, kisha nikajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Laiti ungaliiona ile mikono yake ilivyonyooka.

Njiani nilidhani ataniuliza kama utakasirika. Hilo halikumpitia akilini. Aliuliza mama yake akirudi atavaa nini.

Nikanunua kitambaa cha buibui jipya, nikakitandika sakafuni, nikashika chaki nianze kupima kwa macho, maana mwili wako si niliulea mwenyewe. Halafu nikaiweka chaki chini. Niambie unataka mshono gani, na mikono iwe mipana au ya kubana. Unitumie na vipimo. Sitaki kukisia tena.

Mungu akuhifadhi na akurejeshe kwetu salama.

Mama yako