Nani Anapika Wakati Kijana Anawaza

Papa,

Nimerudi jioni hii kutoka ukumbi wa parokia. Kwa mazoea nimefungua mlango nikitaka kukuhadithia, nikakuta kiti kitupu. Basi nimekaa kuandika.

Habari za nyumbani kwanza. Maman anaendelea. Bado anauza sambaza, samaki zake wadogo wa ziwani, soko la Kadutu, ila siku hizi anarudi mapema. Ansima, mutoto wako wa mwisho, amepata diploma yake ya serikali, ya kumaliza sekondari. Tulimumwagia poda kichwani, tukapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Kesho yake akaamka, akakaa ukingoni mwa kitanda na poda bado iko kwenye nywele, akauliza: "Na sasa?" Wewe ungemjibu.

Nakumbuka tulivyoanza. Ulikuwa umeendesha magari ya mchele kutoka Luberizi mpaka Bukavu miaka yote ya utoto wangu, hadi ugonjwa wa sukari ulipokukata mguu wa kushoto. Ukawa mtu wa kukaa. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, naandika kazi yangu juu ya filamu za vijana wasiojua maisha yao yataelekea wapi. Umeme ukirudi mchana, nilifungua kompyuta mezani nikaangalia. Siku moja ukauliza:

"Weye unaangalia filamu muchana, njo masomo hiyo?"

Nikakueleza. Vijana wa miaka ishirini, wamemaliza shule, hawajui waende au wabaki, waoe au wasome.

"Kama nani?"

"Kama mimi, Papa."

Ukasogeza kiti.

Ile ya kwanza ilikuwa ya kijana wa mji mmoja wa bandari. Ameitwa kwenye shule ya mbali, barua iko mfukoni, na filamu nzima hajui kama atakwenda. Anapanda juu ya paa, anakaa, anaangalia meli. Nilikuwa nakutafsiria Kifaransa chake, na katikati nakufundisha yale niliyosoma: ona mwanga ulivyo hafifu usoni mwake, ona jinsi anavyowekwa karibu na dirisha kila mara, hayuko ndani wala nje. Ulisikiliza kwa adabu. Kisha ukasema:

"Huyu kijana iko juu ya nyumba tangu asubuhi. Anashuka, anakuta chakula ku meza. Nani alipika?"

"Sijui, Papa. Haionyeshwi."

"Njo hiyo nasema. Haionyeshwi."

Nilicheka. Baadaye nikarudisha filamu nyuma, na kweli, mwanamke mmoja anapita nyuma ya yule kijana na beseni, mara tatu. Hana jina. Hata uso wake hatukuuona vizuri.

Tangu siku ile hukuniacha. Tulirudia filamu zote nilizokuwa nimechagua. Ulikuwa unapiga meza: "Simamisha!" Nasimamisha. Unaonyesha kwa kidole pembe ya picha ambayo mimi sikuwahi kuitazama. Kwenye ile ya msichana aliyekaa miaka miwili bila kuchagua kati ya ndoa na chuo cha ushonaji, bibi yake anaonekana mkono tu, ukiosha vikombe. Uliuangalia ule mkono muda mrefu. Ukasema: "Mimi pia, wangeniweka mu filamu yako, mungeona taa za nyuma za gari, basi."

Nilidhani utawacheka wale vijana, utasema ni wavivu. Hukuwacheka hata mmoja. Ulisema kutojua si kosa, wewe mwenyewe hukujua mpaka ulipokuwa na watoto wawili. "Lakini mutu asiyejua, kuko mwenye anamubeba. Amujue, tu. Amujue jina."

Na siku nyingine, tukiwa tumezama kubishana juu ya mwisho wa filamu nyingine, kama msichana aliyepanda basi alichagua au alikimbia, Maman akaita kutoka nyuma: "Mumemaliza kujua nani anapika? Basi mukuje mumenye viazi!" Ulicheka mpaka ukakohoa. Tukamenya viazi, wewe na mimi, kwenye sufuria moja.

Kutoka kwa maneno yako nikaandika sura nzima, ya tatu. Nilionyesha kwamba kusitasita kwa kijana kunahitaji muda, na muda ule kuna mtu mwingine anaupika, anaufua, anauendesha barabarani, na kamera inampita. Niliiandika kwa Kifaransa kizuri. Niliijaza majina ya wasomi. Jina lako sikuliweka.

Papa, sasa nifike pale ambapo sikuwahi kufika ungali hai.

Siku ya kutetea kazi yangu ulikuja na magongo yako na koti la kahawia. Ukapanda ngazi zile zote, ukakaa karibu na ukuta. Profesa aliyekuwa katikati akafungua kurasa, akasema sura ya tatu ndiyo roho ya kazi hii, hajaikuta mahali pengine. Akaniuliza: "Wazo hili umelitoa wapi?"

Nilikuangalia. Nawe ulikuwa unaniangalia, umeinua kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia anakaribia kuitwa. Nikawaza: nikisema ni la dereva wa magari ya mchele, ambaye hakumaliza shule ya msingi, watacheka. Nikasema:

"Ni uchunguzi wangu mwenyewe, Profesa."

Wewe ndiye uliyeanza kupiga makofi.

Ndani ya teksi ulisema tu kwamba kiti kiko laini. Mimi nikaongea njia nzima juu ya matokeo, naongea, naongea, ili usipate nafasi ya kusema neno. Kisha kidonda kikafunguka kwenye mguu uliobaki, homa ikaja. Nilikaa kando ya kitanda chako majuma matatu. Nilikuwa na majuma matatu, Papa. Nikakuuliza juu ya dawa, juu ya mito, juu ya maji. Lile moja sikulitamka.

Basi leo. Padri ameniomba niwaonyeshe vijana wa mtaa wa Cimpunda filamu kila Jumapili mchana, tuzichambue pamoja. Unajua mji ulivyo siku hizi. Kuondoka au kubaki si jambo la filamu tena, kila nyumba ina mmoja anayejiuliza. Walijaa mpaka mlangoni. Maman alikuja pia, akakaa nyuma na wamama wawili wa kwaya. Nikawaonyesha yule kijana wa juu ya paa.

Kijana mmoja akasema yule ni mwoga, angepanda meli siku ya kwanza. Ansima akasimama, Ansima wetu ambaye haongei mbele za watu: "Si mwoga. Kuchagua ni kugumu ukiwa mbele ya watu wamechoka kwa ajili yako." Nikaona ndiyo saa. Nikawauliza nani alipika. Wakacheka kama nilivyocheka mimi, kisha kicheko kikaisha.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono, akaniita kama dada yake mkubwa: "Yaya, hii neno ulisoma mu kitabu gani?"

Swali lilelile, Papa. Nikasema: "Sikusoma. Ni ya Papa yangu. Alikuwa dereva." Nikawaambia yote, hata siku ya profesa, hata jibu langu. Hakuna aliyecheka. Yule msichana akaniomba jina lako, nikamtajia herufi kwa herufi, akaandika.

Tukiwa njiani nikamuuliza Maman kama ulimwambia kitu siku ile ya profesa. Akajibu: "Ile siku alirudi, akanyamaza. Kisha akakula bugali vizuri sana." Basi. Hakuna zaidi. Sijui kama ulinisamehe au ulikuwa na njaa. Nimecheka na kulia barabarani, watu wananiangalia.

Nimempigia profesa simu kabla ya kuanza barua hii. Nikamwambia wazo lilikuwa lako. Akasema: "Andika ukurasa, ulete kesho. Tutaubandika mbele ya sura ya tatu, kwenye nakala ya maktaba." Nimeshauandika. Ni mfupi. Una jina lako lote, kazi yako, na barabara uliyoiendesha.

Siwezi kukudanganya kwamba nimejua njia yangu. Kuna nafasi ya kusoma zaidi Kisangani, na kuna Maman, na kuna hawa vijana wa Jumapili. Bado sijui. Lakini nakuahidi hili, na nimelisema mbele ya Maman pia: chochote nitakachojua maishani, nitasema nimekijua kwa nani, hata wakinicheka.

Lala salama, Papa. Asante.

Mutoto wako,
Nabintu